Kuangamia na Kuangamizwa: Nadharia ya Mageuko katika Simulizi ya Tasmania

Kiswahili hutenganisha kuangamia na kuangamizwa. Kitenzi cha kwanza hakidai mtenda. Cha pili humdokeza, hata asipotajwa. Makala haya yanadai kwamba nadharia ya mageuko ya viumbe ilitumiwa kuhalalisha ubeberu kwa kukigeuza cha pili kuwa cha kwanza: tendo la watu likasimuliwa kama tukio la maumbile.

Tuchukue mfano wa Tasmania. Waingereza walianza makazi huko mwaka 1803. Mwaka 1828 mtawala wa koloni, George Arthur, alitangaza sheria ya kijeshi dhidi ya wenyeji, na mwaka 1830 akapanga zaidi ya wanaume 2,000 katika mstari wa kuwasaka. Waliosalia walihamishiwa kisiwa cha Flinders, ambako wengi walikufa. Yote haya yalitukia kabla ya Charles Darwin kuchapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka 1859. Nadharia, basi, haikuzaa mauaji hayo. Iliyakuta, ikayapa lugha.

Katika toleo la pili (1874) la kitabu chake kuhusu asili ya binadamu, Darwin hauifichi msako ule. Hata hivyo, akishautaja, anaelekeza uchunguzi kwenye afya na uzazi wa wenyeji waliokuwa uhamishoni, kana kwamba swali lililosalia ni la elimu-viumbe pekee. Hapo ndipo mtenda anapoanza kufifia. Karl Pearson, katika mhadhara alioutoa Newcastle mwaka 1900, alikwenda mbali zaidi: mapambano baina ya mbari za watu yakawa kwake njia ya maendeleo, na maangamizi ya wanyonge gharama isiyoepukika. Yaliyokuwa maelezo ya yaliyopita yakawa ruhusa ya yajayo.

Truganini alifariki mwaka 1876. Aliitwa wa mwisho wa watu wake, na mifupa yake ikaonyeshwa katika makumbusho ya Hobart tangu 1904 hadi 1947. Simulizi ya kuangamia ilihitaji hitimisho la namna hiyo. Lakini vizazi vya wenyeji wa Tasmania vingalipo hadi leo, na mwaka 1976 majivu yake yalitawanywa baharini.

Mhakiki wa matini za kikoloni hana budi, kila akutanapo na kitenzi kisicho na mtenda, kuuliza ni nani aliyeondolewa katika sentensi, na kwa manufaa ya nani.