Ng'ombe wa Chuma wa Karagwe

Katika wilaya ya Karagwe, ambayo makao yake makuu yapo Kayanga, kuna mahali paitwapo Bweranyange. Hapo palikuwa na ikulu ya wafalme wa ukoo wa Wahinda. Na huko Karagwe John Hanning Speke na James Augustus Grant walipokelewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina. Ndani yake aliona bata 16 wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, pofu 10, ng'ombe 10 wasio na vichwa, na mikuki iliyofuliwa kwa ustadi mkubwa.

Mashuhuri zaidi katika sanaa ya Karagwe ni ng'ombe wa chuma, wenye pembe ndefu zilizopindwa kama zilivyo pembe za ng'ombe wa nchi ile. Masimulizi ya wenyeji huwanasibisha na Ndagara, babaye Rumanyika, na husema kwamba mfalme huyo alikuwa mhunzi hodari aliyefua kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa nini mfalme asifiwe kwa nyundo? Sababu yaonekana katika maisha ya Karagwe yenyewe. Ng'ombe alikuwa fahari ya wafugaji, na Wahinda walihesabiwa upande wao. Chuma kilikuwa kazi ya wahunzi, nacho ndicho kilichompa mkulima jembe lake. Ufundi huo ni wa kale mno katika Kagera: huko Katuruka, upande wa Bukoba, yamefukuliwa mabaki ya tanuri za chuma yenye umri upatao miaka 2,000. Basi ng'ombe aliyefuliwa kwa chuma alikusanya katika umbo moja mambo mawili yaliyokuwa yakiwatenga watu. Aliyemtazama, awe mchungaji au mkulima, aliona ndani yake sehemu ya nyumbani kwake.

Walakini umoja huo ulikuwa na kasoro. Jina la mfalme limehifadhiwa. Majina ya wahunzi waliochimba mawe ya chuma, wakachoma makaa na kuvukuta mivukuto, hayakuhifadhiwa. Haielekei kwamba mtu mmoja, tena mwenye dola, alifanya kazi yote hiyo peke yake. Sifa ya Ndagara, ijapokuwa ya haki, imefunika mikono mingi.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe walio hai, na nguvu ya ufalme ikadhoofika. Mwaka 1963 mamlaka ya watawala wa jadi yalifutwa katika Tanganyika yote. Ng'ombe asiyetoa maziwa ndiye aliyebaki kuwa shahidi. Ushahidi wake ni kwamba Karagwe haikuwa ya mwenye kundi pekee, bali na ya yule aliyekesha mbele ya moto, ambaye jina lake halikuandikwa.