Riwaya ya Freiland na Mto Tana: Sura Iliyosahauliwa katika Historia ya Fasihi ya Kiyahudi

Utangulizi

Taaluma za Kiyahudi zinapoitaja Afrika ya Mashariki, aghalabu huanzia mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilipomwahidi Theodor Herzl makazi ya Wayahudi katika Uasin Gishu. Mpango huo uliitwa wa "Uganda", ingawa eneo lenyewe limo Kenya ya leo. Makala haya yanarudi nyuma miaka 13, kwenye riwaya ambayo wafuasi wake walijaribu kuitekeleza kwa kupitia Mto Tana. Yanadai kwamba udhaifu wa jaribio hilo umo ndani ya matini yenyewe, katika namna yanavyoitazama ardhi na wenyeji wake.

Riwaya na Msafara

Theodor Hertzka (1845–1924), mchumi na mhariri aliyezaliwa Pest katika ukoo wa Kiyahudi, alichapisha Freiland mwaka 1890. Humo walowezi kutoka Ulaya wanaanzia Mombasa, wanafanya mapatano na Wamaasai, kisha wanajenga katika nchi ya Mlima Kenya jamii isiyo na riba wala umilikaji binafsi wa ardhi. Nchi hiyo haikukusudiwa Wayahudi peke yao; mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu.

Vyama vya wafuasi viliundwa Ulaya, na mwaka 1894 msafara ulioongozwa na Dkt. Julius Wilhelm ukatua Lamu. Azma ilikuwa kuupanda Mto Tana, kupitia sehemu za Garsen, hadi Mlima Kenya. Kabla ya mwaka huo kwisha, msafara ulikuwa umevunjika kwa magomvi ya ndani na maandalizi mabovu. Mlima haukufikiwa.

Wenyeji Wasioonekana

Mto huo ulikuwa na wenyewe. Wapokomo walilima kwa kufuata mafuriko yake, na Waorma waliteremsha mifugo deltani wakati wa kiangazi. Huko Ngao, karibu na Garsen, wamishonari wa Neukirchen walikuwapo tangu 1887, na katika miaka hiyohiyo Ferdinand Würtz alikuwa akikusanya nyimbo na sarufi ya Kipokomo. Kwa hiyo kulikuwa na fasihi mtoni kabla ya riwaya kuwasili.

Kinaya kikubwa zaidi kimo Witu. Chini ya Sultani Ahmed, aliyejulikana kama Simba, Witu ilikuwa kimbilio la watoro waliokwepa utumwa wa mashamba ya pwani. Haikuwa pepo, kwani nayo ilimiliki watumwa na kuishi kwa mashambulizi. Lakini kwa mtoro, "nchi huru" ilikuwa jambo la kufa na kupona. Waingereza waliuchoma mji huo Oktoba 1890, mwaka uleule wa riwaya. Miaka minne baadaye, waliokuja kuasisi uhuru walitua Lamu, ambako utumwa ulitambuliwa kisheria hadi 1907.

Herzl kama Mhakiki

Katika dibaji ya Der Judenstaat (1896), Herzl alijitenga na Hertzka. Kwake, Freiland ni mtambo uliosanifiwa kwa ustadi bila ithibati kwamba utazunguka. Uhakiki huo ni mkali, ila unahusu mtambo tu, si ardhi ambamo ungesimikwa. Pengo hilohilo lilijitokeza tena mwaka 1903 katika Kongamano la Basel, lililoamua kwa kura 295 dhidi ya 178 kutuma tume ya kukagua Uasin Gishu. Mgogoro mkuu ulikuwa juu ya Palestina. Wamaasai na Wanandi hawakuwa na kiti ukumbini. Pendekezo lilikataliwa mwaka 1905.

Hitimisho

Kuisoma Freiland kutokea Tana hakuiondoi katika fasihi ya Kiyahudi ya Ulaya ya Kati. Kiu ya watu waliobaguliwa kupata mahali pa haki ilikuwa ya kweli, kama ilivyokuwa ya mtoro wa Witu. Usomaji huo unaziweka kiu hizo mbili katika ukurasa mmoja, na kumdai mtafiti azipime kwa mizani ileile. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika Freiland mwenyeji huponywa asipougua, na hakuna anayemuuliza hali.