Asante ya asante

Nimeadimika kidogo, pilikapilika za chumba cha habari mnazijua. Leo nina stori ya barua.

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa bado najifunza kazi, mhariri alinituma hotelini katikati ya Dar kwenye chakula cha mchana cha klabu moja ya Rotary. Walikuwa wanakabidhi madawati. Kabla ya hotuba akasimama katibu, mzee mmoja mpole, kusoma barua ya klabu rafiki ya Japani iliyochangia fedha. Na barua yenyewe ilikuwa inashukuru kwa barua ya shukrani waliyokuwa wametumiwa. Yaani asante ya asante! Nikaweka kalamu chini, nikavuta sahani ya sambusa. Habari yangu ilitoka aya tatu, barua sikuitaja.

Baadaye nilisoma habari za Rotary ya Tokyo, na zile sambusa zikanitokea puani.

Rotary mnaijua: ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris, mtu mpweke aliyetafuta marafiki katika jiji kubwa. Tokyo ilifika mwaka 1920, kwa mkono wa Umekichi Yoneyama, mkubwa wa benki katika kundi la Mitsui, aliyeionja kwanza Dallas, Texas. Lakini ilikuwa klabu baridi. Wenzao duniani walikutana kila wiki. Wao, wakubwa wa mabenki na makampuni, mara moja kwa mwezi iliwatosha.

Septemba 1, 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, majiko yakiwa yanawaka, tetemeko likapiga Tokyo na Yokohama. Moto ukamalizia kilichobaki. Watu zaidi ya 100,000 walikufa.

Kabla hata majivu hayajapoa, telegramu ya pole ikaingia kutoka makao makuu ya Rotary, pamoja na dola 25,000. Kisha klabu moja moja zikafuata, mia kadhaa, nyingi za miji ambayo nadhani hakuna mwanachama wa Tokyo aliyewahi kuisikia. Jumla ikapita dola 80,000, na dola ya mwaka 1923 haikuwa hii yetu. Sasa jiweke kwenye viatu vya Yoneyama na wenzake. Ulikuwa unahudhuria klabu ukipata nafasi, leo mji wako umeteketea na watu usiowajua wanakuandikia kama ndugu. Utawajibu nini? Fedha zilielekezwa kwenye mahitaji ya wahanga, zikiwemo shule. Na klabu ikaanza kukutana kila wiki. Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu zito kuliko karatasi yoyote.

Nisiwapambie mambo lakini. Mei 1924, miezi minane tu baada ya tetemeko, sheria mpya ya uhamiaji ya Marekani iliwafungia Wajapani mlango. Nchi ileile iliyotuma dola! Barua za nia njema hazikuzuia kura hata moja. Paul Harris alifika Tokyo mwaka 1935, akapanda mti wa urafiki, watu wakapiga makofi. Miaka mitano baadaye, wanajeshi wakiwa wameshika hatamu na chama chochote chenye makao Chicago kikitazamwa kama kijiwe cha majasusi, klabu za Japani zikajitoa Rotary. Machi 1945 ndege za Marekani zikaichoma Tokyo, na kwa usiku mmoja wakafa watu wapatao 100,000. Idadi karibu ileile ya tetemeko.

Hapa ndipo rafiki yangu mmoja, mbishi wa kuzaliwa, huniambia: "Umeona? Kadi na salamu ni michezo ya matajiri." Huwa sina jibu la haraka. Ila nina mambo mawili ya kumwonyesha.

La kwanza, baada ya kujitoa mwaka 1940, klabu nyingi hazikuvunjika. Zilibadili majina, nyingine zikajiita kwa siku ya wiki waliyozoea kukutana, zikaendelea kula pamoja kimyakimya katikati ya vita. Mwaka 1949 wakarudishwa Rotary. Yoneyama hakuiona siku hiyo, alifariki mwaka 1946.

La pili ni mfuko waliouita kwa jina lake. Mwaka 1952 klabu ya Tokyo ilianza kuchanga ili kusomesha vijana kutoka nchi nyingine za Asia, bara ambalo jeshi la Japani lilikuwa limetoka kulitesa. Kiwango kilipoenea nchi nzima kilikuwa bei ya pakiti moja ya sigara kwa mwezi kwa kila mwanachama. Mwanafunzi wa kwanza alitoka Thailand, mwaka 1954. Hadi leo wamepita 20,000. Fedha haziishii benki tu: mwanafunzi hupangiwa klabu, anahudhuria mkutano wake kila mwezi, anakula nao, anazungumza nao.

Wiki iliyopita nilimpigia yule katibu wa Dar.

"Shikamoo mzee. Ile barua ya Wajapani, ya madawati, bado mnayo?"

"Marahaba kijana. Ipo kwenye faili," akasema, kisha akacheka. "Tuliijibu. Tuliwashukuru."