Matuta ya Matombo

Ninasomea usafishaji wa maji hapa Morogoro. Darasani tunafundishwa kuhusu Bahari ya Kaskazini. Huko, tangu miaka ya 1980, maji ya bahari huchujwa kwa utando unaozuia salfeti kabla ya kushindiliwa ardhini kusukuma mafuta. Salfeti ikikutana na bariamu ya mwambani huganda, ikaziba visima. Ila utando hauvumilii tope. Tope huondolewa kwanza.

Kwetu tope huanzia Uluguru, chanzo cha Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilichosha, mavuno hayakuongezeka. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Nusu karne baadaye, huko Kibungo, mradi wa CARE na WWF uliwalipa wakulima waliohifadhi ardhi, kwa matuta pia. Safari hii waliyachimba.

Kwa hiyo sikubali tunapoambiwa kwamba Waluguru wa 1955 hawakuelewa uhifadhi. Walielewa nani anatoa jasho, na nani anakunywa maji.