Kila mtu anapiga picha na ambulensi. Nani anakaa nyuma?

Wasee, tufanye jaribio dogo. Fungua ukurasa wa kaunti yoyote hapa Kenya, shuka mpaka siku ile walizindua ambulensi mpya. Utaona utepe, mheshimiwa ameshika funguo, magari yamepangwa mstari kama nganya mpya za Rongai, na dereva amevaa shati limepigwa pasi. Sasa nitafutie kwenye hiyo picha yule mtu ambaye atakaa nyuma na mgonjwa.

Mara nyingi hayuko. Na akiwa hapo, watu watamwita dere.

Nimeanza kufikiria hii stori juu ya Kapsokwony. Kama hujawahi kufika, Kapsokwony ndio makao makuu ya Mlima Elgon, upande wa juu wa Bungoma. Hospitali iko, msiseme hakuna. Lakini kesi ikikuwa nzito, mgonjwa lazima ateremshwe: Kimilili, halafu Webuye au Bungoma mjini. Au anazungushwa kupitia Kaptama na Kamukuywa mpaka Kitale. Ikikuwa mbaya kabisa, Eldoret. Barabara ya Kamukuywa, Kaptama, Kapsokwony hadi Sirisia ni wimbo wa kila kampeni, na mvua ya Aprili haijui kampeni. Kwa hivyo kwa mtu wa Kapsokwony ambulensi si teksi ya kukufikisha hospitali. Hiyo safari yenyewe ndiyo hospitali, na daktari wa hiyo hospitali ni EMT mmoja, mhudumu wa matibabu ya dharura, ameshika mkono mmoja kwa bomba la juu asianguke na mwingine kwa mgonjwa.

Swali langu ni hili: mbona nchi inajua kuhesabu magari na haijui kuhesabu huyo mtu? Jibu liko nyuma sana.

Kiswahili kina neno la zamani, machela. Leo ni kile kitanda cha kubebea mgonjwa, lakini neno lilitoka kwa Wareno, na enzi hizo aliyekuwa analala humo hakuwa mgonjwa kila mara. Alikuwa bwana mkubwa anapelekwa safari kwa mabega ya watu. Yaani neno letu la huduma ya dharura lilizaliwa likiwa na mtu mmoja mwenye jina ndani, na wanne wasio na jina wakibeba.

Si kwamba Waafrika hawakuwa na mpango wao. Kule Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, watu wa milimani walijipanga kwa vikundi vya engozi. Engozi ni machela ya kusuka. Kila boma ni mwanachama, mtu akizidiwa wanaume wanakuja wambebe kwa zamu mpaka hospitali, na ukikosa bila sababu unatozwa faini. Kwangu mimi hiyo ni huduma ya ambulensi kamili: ina wafanyakazi, ina zamu, ina kanuni, ina hela. Kitu kimoja tu hakikuwepo, mtu anayejua la kufanya damu ikikataa kusimama njiani.

Halafu ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Waingereza walikusanya vijana kwa nguvu kote Kenya wabebe chakula, risasi na majeruhi kwenye kampeni ya kumfukuza Mjerumani Tanganyika. Kikosi kiliitwa Carrier Corps, ulimi wetu ukakifanya Kariakor, na ndio maana Nairobi kuna Kariakor na Dar kuna Kariakoo. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Watu walibeba wagonjwa mpaka wakawa wagonjwa, na hakukuwa na wa kuwabeba wao. Ukipita Kenyatta Avenue, angalia zile sanamu za shaba zilizowekwa 1928. Mmoja wao ni mpagazi. Watu wanapiga selfi hapo kila siku wakidhani wote ni askari.

Mwaka huohuo, 1928, St John Ambulance ikaanza Kenya. Huduma ya kwanza, bendeji, mazoezi, sare. Msalaba Mwekundu nao ulikuwa tawi la Uingereza mpaka sheria ya bunge ya 1965 ikaufanya wa Kenya. Hawa wawili walifundisha vizazi vya watu kufunga jeraha, na heshima yao wanastahili. Lakini ilikuwa kazi ya kujitolea. Unafanya Jumamosi uwanjani, Jumatatu unarudi kwa kazi yako.

Na hapa kuna kitu kinanichekesha kidogo: Kenya ilipata madaktari wa ndege kabla ya kupata wahudumu wa barabara. Mwaka 1957 Michael Wood na wenzake wawili, wote madaktari wa upasuaji, walianzisha Flying Doctors, ambayo leo tunaijua kama AMREF. Wazo zuri kabisa, limeokoa watu wengi mahali hakuna barabara. Lakini picha ilibaki ileile. Shujaa ni daktari na chombo chake, na mwenye kushika machela uwanjani hajulikani.

Sasa nipelekeni Marekani kidogo, nitarudi Nairobi na mtaona kwa nini.

Mpaka miaka ya 1960, mji wa Pittsburgh mtu akizidiwa aliitiwa polisi. Wanakuja na gari lao, wanakutupa nyuma, wote wawili wanakaa mbele, wanaenda. Kwenye mtaa wa watu weusi, Hill District, hata hao hawakuharakisha kuja. Mwaka 1967 ikaanzishwa Freedom House Ambulance Service. Waliandikwa vijana weusi wa mtaa huohuo, wengi hawakuwa na kazi, wengine hawakuwa wamemaliza shule. Daktari Peter Safar, yule aliyesaidia kuleta mbinu ya kumpulizia mtu pumzi na kumfinya kifua, akawapa mafunzo marefu kuliko mtu yeyote wa ambulensi aliyekuwa nayo wakati huo. Yaani watu ambao mji ulikuwa unawaona wapagazi tu, wakawa wanaweka mrija kwa koo la mgonjwa barabarani. Mwaka 1974 wakapata daktari mkuu, mwanamke anaitwa Nancy Caroline, ambaye alipanda nao kwenye magari na kuandika mtaala kutokana na kazi yao. Mtaala huo ukawa msingi wa mafunzo ya paramediki Marekani nzima. Mwaka 1975 mji ukawanyang'anya kazi, ukaanzisha huduma yake, na wengi wa wale vijana wakasukumwa nje.

Sasa sikieni hii. Huyo Nancy Caroline, miaka ya 1980, alikuja kuishi Nairobi na kufanya kazi na AMREF. Mwanamke aliyeandika kitabu cha paramediki alikuwa hapa, anapanda ndege kwenda vijijini kwetu. Mwalimu alikuwa mlangoni, na sisi bado tukaendelea miaka mingine mingi mtu wa ambulensi akiwa dereva na bahati.

Tulilipia hiyo tarehe 7 Agosti 1998. Bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 Nairobi na kujeruhi maelfu. Wazee wetu wanakumbuka damu kwenye viti vya matatu, juu majeruhi walikimbizwa Kenyatta kwa matatu, kwa pikapu, kwa gari la mtu yeyote aliyesimama. Huo moyo ni wa kusifiwa. Lakini mtu aliyevunjika shingo ukimkunja kwenye kiti cha nyuma cha Nissan, unaweza kummaliza wewe mwenyewe ukimpenda.

Turudi mlimani, na hapa siwezi kupita haraka. Kuanzia 2006 mgogoro wa ardhi ya Chebyuk ulizaa kundi la SLDF. Waliua watu zaidi ya 600 kwa hesabu ya Human Rights Watch, wakakata wengine masikio, na makumi ya maelfu wakahama. Machi 2008 serikali ikaleta jeshi. Operesheni ikapewa jina Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kwa mamia wakapelekwa kambi ya Kapkota, na ripoti za mateso zilizotoka huko zilitoka kwa mashirika ya hapa na ya nje. Madaktari Wasio na Mipaka, ambao walikuwa wanatibu watu hapo mlimani, walitoa ripoti Mei 2008 ambayo kichwa chake kilikuwa kinauliza kama kuna mtu yeyote anajali.

Mimi hili jina la Okoa Maisha ndilo linanikaa. Maisha yanaokolewa na nini? Upande huu wa nchi, kizazi kizima kimejifunza kwamba gari la serikali likipanda mlima kwa kasi usiku, unazima taa. Halafu leo tunataka mama aone taa nyekundu na buluu zikija, akimbie barabarani kuzipungia. Hiyo imani hailetwi na rangi ya gari. Inaletwa na mtu anayeshuka humo, anaongea Kisabaot au angalau Kiswahili cha pole, anajua jina la kijiji na anarudi wiki ijayo akiwa yuleyule.

Baadaye sheria zikaja, na kwa karatasi tuko sawa kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la nne likapatia kaunti kazi ya ambulensi kwa jina, na kuanzia 2013 ndio hizi picha za utepe zikaanza. Oktoba 2015 mwanaume mmoja aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi Nairobi karibu saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, akafa. Nchi ililia. Lakini wazeni pia wale waliokuwa naye ndani, saa 18, wakibadilisha oksijeni na kumwangalia. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba dharura inaanza kabla ya hospitali, na hospitali ikikataa mgonjwa wa dharura ilhali ina uwezo, faini inafika milioni 3.

Poa. Lakini muuguzi ana baraza lake lililoundwa na sheria ya bunge. Kliniko ofisa ana lake. EMT ana KCEMT, baraza ambalo wahudumu walijiundia wenyewe na kulisajili kama chama, linalosimamia mitihani na viwango bila nguvu ya sheria kama hizo. Matokeo ni kwamba kazi nyingi za kuhamisha wagonjwa anatolewa muuguzi wodini apande gari, wodi inabaki na pengo, au dereva anaenda na jamaa wa mgonjwa akishika chupa ya dripu.

Wacha niwaonyeshe tofauti. Mama amejifungua huko juu, damu haikomi. Dereva hodari atamfikisha chini kwa kasi, na kwa zile kona mama atarushwa kushoto na kulia. EMT kwanza anamwambia dereva apunguze. Anakanda tumbo la mama ili kizazi kijikaze, na hatoi mkono safari nzima, hata mkono ukifa ganzi. Anaangalia kama kibofu kimejaa, juu kibofu kikijaa kizazi kinakataa kujikaza. Anaweka mishipa miwili ya dripu kabla haijawa ngumu kupatikana. Anamfunika, kwa sababu Elgon ni baridi na mtu aliyepoa damu yake haigandi vizuri. Anapima presha, anaandika saa, anapiga simu mbele waandae damu. Anaangalia mtoto. Na muda wote anamwongelesha, "Mama, uko na mimi? Mtoto tumempa jina gani?" Akinyamaza, hiyo ni dalili pia.

EMT mmoja ninayemjua huniambia kitu kinachomchosha si damu. Ni kufika, kukabidhi mgonjwa akiwa hai, halafu kusikia mlangoni, "Mwambie dere asogeze gari."

Najua kuna mtu ataandika hapa chini, kwani hutaki magari yanunuliwe? Yanunuliwe. Rwanda walinunua pia, lakini 2007 walijenga SAMU kwanza kama huduma, na namba moja ya kupiga, 912. Mimi nataka tu hesabu ya darasa la nne ifanywe kabla ya utepe kukatwa. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja akifanya saa 42 kwa wiki, kiti kimoja cha nyuma kinahitaji EMT 4 ili kisikae tupu, na hapo sijaweka likizo, homa wala mazishi. Kwa hivyo kwenye ile picha, ukiona ambulensi 3, anza kuhesabu watu mpaka 12.