Hati ya uwakili hukoma mzazi anapofariki

Katika mji wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, si ajabu mzazi mkongwe au mgonjwa kumwandikia mwanawe hati ya uwakili ili amkusanyie kodi za nyumba au amwakilishe katika afisi ya ardhi. Hati hiyo ina nguvu maadamu mzazi yu hai. Anapoaga dunia, hati ya kawaida ya uwakili hukoma papo hapo, hata kama iliandikwa na wakili na kusajiliwa.

Hapo ndipo mizozo mingi huanzia. Mwana aliyezoea kusimamia ploti ya babake huko Noonkopir, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara ya Namanga, huendelea kupokea kodi, na pengine hutafuta mnunuzi, akiamini kwamba karatasi aliyo nayo ingali inamruhusu. Sheria humhesabu kuwa anaingilia mali ya marehemu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, kinaweka faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya ploti Kitengela. Kinachouma zaidi ni kwamba mwingiliaji huwajibika kwa mali yote aliyoigusa, naye mnunuzi huenda akakosa ardhi na fedha zake.

Iwapo marehemu hakuacha wasia, familia hutakiwa kuomba barua za usimamizi wa mirathi mahakamani. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza ombi ikiwa thamani ya mali haizidi Sh20 milioni. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Waombaji hupeleka cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, na orodha ya mali na madeni. Anayepewa kipaumbele ni mjane, si kifungua mimba. Ombi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30.

Barua hizo zikishatolewa, bado msimamizi haruhusiwi kugawa mali wala kuuza ardhi. Sharti zithibitishwe na mahakama, kwa kawaida baada ya miezi sita, na ni hapo ambapo fungu la kila mrithi hutajwa. Wakiwepo watoto wadogo, wasimamizi wasipungue wawili.

Wapo wanaodai kwamba Kajiado ina sheria yake. Dai hilo lina chanzo: mwaka wa 1981 serikali iliitaja Kajiado, pamoja na Narok na wilaya nyingine za wafugaji, kuwa mahali ambapo ardhi ya kilimo, mimea na mifugo ya asiyeacha wasia hurithiwa kwa kufuata mila. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo haihesabu kuwa ya kilimo ardhi iliyo ndani ya mji au soko, wala ile iliyosajiliwa. Ploti yenye hatimiliki Noonkopir haimo. Mwaka wa 2008, katika kesi ya familia moja ya Narok, Jaji Kalpana Rawal alikataa hoja kwamba mila ya Wamaasai iwanyime mabinti urithi wa baba yao. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi kwa kubatilisha mila yoyote inayokiuka masharti yake, yakiwemo yanayokataza ubaguzi wa kijinsia. Kwa hiyo binti aliyeolewa Namanga ana haki sawa na kaka yake aliyebaki nyumbani, ingawa mjane hutumia mali hiyo kwanza maishani mwake.

Wakati kesi ikiendelea, mrithi mwenye shaka anaweza kuomba msajili wa ardhi wa Kajiado aweke zuio kwenye hatimiliki, na kumjulisha kwa maandishi, akiambatisha cheti cha kifo, kwamba aliyetoa hati ya uwakili amefariki.