Kasi Iliyouzwa na Kilichonunuliwa

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni za simu na za kebo katika nchi nyingi zilinadi kitu kimoja: kasi. Kurasa zingefunguka papo hapo, biashara zingevuka mipaka, na nyumba ingekuwa duka, darasa na ukumbi wa sinema kwa wakati mmoja. Ahadi ilifanana, lakini wanunuzi hawakufanana. Tukitazama matumizi ya mwanzo ya intaneti ya kasi Marekani, Korea Kusini na pwani ya Afrika Mashariki, tunakuta bidhaa tatu zilizopewa jina moja.

Marekani kero ilikuwa kusubiri. Modemu ya kupiga simu haikuzidi kilobiti 56 kwa sekunde, hivyo wimbo wa megabaiti 4 ulichukua kama dakika kumi hata laini ikiwa nzuri, na muda wote huo aliyepiga simu pale nyumbani aliambulia mlio wa laini iliyo bize. Gharama, kwa upande mwingine, ilikuwa imeshatulia: tangu Desemba 1996 kampuni ya intaneti ya AOL ilitoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa. Kwa hiyo aliyehamia kwenye kebo au DSL (intaneti ya kasi kupitia waya wa simu), akikubali kulipa kama mara mbili ya hapo, alikuwa akinunua muda wake mwenyewe. Na mara nyingi hakuitumia kasi hiyo kwa manunuzi ya mtandaoni aliyoahidiwa, bali kwa muziki ambao hakuulipia. Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo, ilianza mwaka 1999, na hadi mahakama inaibana miaka miwili baadaye, vijana wengi walikuwa wameshajua faida ya kasi kuliko tangazo lolote lingeweza kuwaeleza.

Wafanyabiashara waliisoma thamani hiyo kwa namna nyingine. Waliamini kwamba mwenye bomba akimiliki pia kinachopita ndani yake, atavuna pande zote mbili. Mwaka 1999 kampuni ya @Home, iliyouza intaneti kupitia kebo za televisheni, iliinunua tovuti ya Excite kwa mabilioni ya dola. Januari 2000 AOL ikatangaza kuungana na Time Warner, wenye filamu, majarida na kebo. Excite@Home iliomba hifadhi ya ufilisi mwaka 2001 ikiwa na wateja zaidi ya milioni tatu, wala si kwamba wateja walikuwa wakiikimbia. AOL Time Warner ilitangaza hasara ya karibu dola bilioni 99 kwa mwaka 2002. Mteja alilitaka bomba, lakini hakutaka kuchaguliwa cha kupitisha.

Korea Kusini ilianzia kwingine. Mgogoro wa fedha wa 1997 ulikuwa umewaacha wengi bila kazi, na serikali ikaiona mitandao kuwa njia ya kuinuka. Kampuni ya Thrunet ilianza kuuza intaneti ya kebo mwaka 1998, na Hanaro ikafuata na ADSL mwaka 1999. Makazi yenyewe yaliwasaidia. Mawimbi ya DSL hufifia kadiri waya wa shaba unavyorefuka, na Wakorea wengi wa mijini waliishi katika maghorofa yaliyosongamana, ambako waya mfupi ulitosha kuhudumia familia nyingi. Serikali ilifikia hatua ya kuyapa majengo vyeti kulingana na ubora wa miundombinu yake ya mawasiliano.

Wengi, hata hivyo, walianza kuionja kasi nje ya nyumba, katika vyumba vya kompyuta viitwavyo PC bang. Kijana alilipia saa, akaagiza tambi, akacheza mchezo wa StarCraft na wenzake walioketi kando yake. Mmarekani alijifungia chumbani na intaneti yake; Mkorea aliifuata walipo rafiki zake, kisha mzazi akaivuta nyumbani kwa hoja ya masomo ya mtoto. Mwaka 2002 wateja wa majumbani walipita milioni 10. Hata hivyo mtangulizi huko naye hakunusurika: Thrunet iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama mwaka 2003. Katika nchi zote mbili waliotangulia walifilisika, na nyaya zao zikaendelea kufanya kazi mikononi mwa wengine.

Huku kwetu kero ilikuwa bei. Kabla ya 2009 mawasiliano ya nje yalitegemea zaidi setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ghali na zenye kuchelewesha jibu kwa nusu sekunde hivi. Katika intaneti kafe dakika zilihesabiwa kwenye pembe ya skrini, na mteja mwangalifu aliandika barua yake kwenye daftari kabla ya kukaa kwenye kiti. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na mwingine, TEAMS, ukaunganisha Mombasa na Fujairah, Falme za Kiarabu. Ahadi ilielekezwa kwa wenye biashara: vituo vya kupokea simu za wateja wa ng'ambo, vyuo, benki. Mwananchi wa kawaida aliipata kasi hiyo kwa mlango mwingine, yaani simu ya mkononi na bando la siku au la wiki.

Bando ni ubunifu halisi wa biashara. Linamfaa mtu anayepata riziki yake kwa siku, ambaye mkataba wa mwezi ungemfungia mlango. Lakini pia limebeba hesabu ile ile ya kafe: zamani tulihesabu dakika, sasa tunahesabu megabaiti, tena mara nyingi zenye tarehe ya kuisha. Mmarekani na Mkorea, kila mmoja nyumbani kwake, walilipia mwezi na kusahau. Uhuru huo wa kusahau ndio uliozaa mazoea mapya, kwa sababu mtu hujaribu mengi zaidi pale kujaribu kusipomgharimu kitu.

Kwa hiyo megabiti kwa sekunde ni kipimo pungufu cha intaneti ya kasi. Waliofaidika zaidi ni wale walioacha kuhesabu, na kwa mtumiaji wetu anayezima data akishasoma ujumbe, ahadi ya 2009 imetimizwa nusu tu.